Nyumba kubwa, baridi kali: Namna ya kuchagua jiko la kuni la sebuleni

MSIMU wa baridi unapoingia mwezi Juni, wakaazi wa Limuru, Kinangop, Nyahururu, Molo na sehemu za juu za Kericho huanza maisha ambayo ndugu zao wa Mombasa na Lamu huyasikia tu redioni. Usiku, joto hushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi au chini ya hapo. Ukungu hutanda hadi saa nne asubuhi, na kuta za mawe zilizonyonya baridi ya wiki nzima huirejesha polepole ndani ya nyumba.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja, dawa ni blanketi la pili. Mwenye jumba la vyumba vitano vya kulala ana kazi kubwa zaidi.

Majumba ya aina hiyo yameongezeka mno vijijini. Watoto waliofanikiwa mjini au ughaibuni huwajengea wazazi wao nyumba ya orofa, nayo aghalabu huwa na sebule ambayo dari yake imepaa hadi orofa ya juu, madirisha mapana ya kioo chepesi na sakafu ya vigae. Inapendeza kwenye picha. Lakini si ajabu kumkuta mzee akiliacha jumba hilo jioni na kwenda kuketi katika jiko la nje, kando ya mafiga matatu, kwa kuwa huko ndiko kwenye joto.

Wengine huchukua hatua ya hatari zaidi, wakaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Karibu kila msimu wa baridi magazeti yetu huchapisha habari za watu waliolala hivyo na wasiamke. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na humlewesha mtu usingizini kabla hajatambua kwamba kuna jambo. Jiko lisilo na bomba la kutolea moshi nje halina nafasi katika chumba kilichofungwa, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi unaoonekana.

Makala haya yanahusu jiko la kuni lililofungwa, lenye mlango wa kioo na bomba lake la moshi, ambalo hupasha sebule joto bila kuijaza moshi. Majiko haya yamekuwa ya kawaida kwa miaka mingi Ulaya na Marekani Kaskazini, na sasa yanaonekana katika nyumba za nyanda za juu za Kenya. Anayelinunua kwa pupa hujutia, kwani ni kifaa kizito, ghali, na kikishajengewa si rahisi kukihamisha.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina, maana mafundi wetu huchanganya. Hapa tutaita 'meko ya wazi' yale yaliyojengwa ukutani kwa mawe au matofali, ambayo wengi huyaita 'fayaplesi'. 'Jiko la kusimama' ni kasha la chuma linalokaa sakafuni peke yake. 'Jiko la kupachika' ni kasha kama hilo lililoundwa kuingizwa ndani ya meko ya zamani. Na 'dohani' ni mnara wa kutolea moshi. Hili ni neno zuri la Kiswahili ambalo tumeliacha bila sababu, tukaling'ang'ania 'chimni'.

MEKO YA WAZI HUPOTEZA KUNI

Nyumba nyingi zilizojengwa na walowezi huko Limuru, Molo, Nakuru na Kitale zina meko ya wazi, na wajenzi wa leo huyaiga. Moto wake hupendeza macho, lakini kwa kupasha nyumba joto ni kifaa duni.

Sababu ni rahisi. Moto wa wazi huvuta hewa nyingi mno kuliko unayohitaji, na hewa hiyo hutoka sebuleni. Hewa iliyokwisha kupata joto hupanda dohani na kutoweka, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopenya chini ya milango na kandokando ya madirisha. Anayeketi mbele ya moto huungua magoti huku mgongo ukiganda, na vyumba vya nyuma huwa baridi kuliko kama moto usingewashwa.

Tatizo hili lina historia ndefu. Benjamin Franklin wa Marekani alibuni jiko lake la chuma mwanzoni mwa miaka ya 1740 akitaka kuokoa joto hilo. Benjamin Thompson, aliyejulikana zaidi kama Count Rumford, alichapisha mwaka 1796 maelezo ya namna ya kujenga meko yenye kina kifupi na kuta za pembeni zilizopinda ili joto lirejee chumbani. Meko ya Rumford ni bora kuliko yale mapana ya kawaida, na ikiwa msomaji ameazimia kujenga meko ya wazi kwa ajili ya mandhari tu, amwambie fundi wake afuate umbo hilo.

Hebu tupige hesabu. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina nishati inayokaribia yuniti 4 za stima, yaani kilowati-saa 4. Meko ya wazi huipa sebule takriban asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati hiyo. Jiko lililofungwa la kisasa huipa asilimia 65 hadi 80.

Tuseme sebule inahitaji kilowati 5 za joto kwa saa nne za jioni, jumla yuniti 20. Kwa jiko la asilimia 70, utahitaji kilo 7 hivi za kuni. Kwa meko ya wazi ya asilimia 15, utahitaji kilo 33. Tofauti hiyo, kila jioni kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo inayoamua kama utanunua pikapu moja ya kuni au tano.

UKUBWA WA JIKO SI UKUBWA WA NYUMBA

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mtu husema, 'Nyumba yangu ni kubwa, nipe jiko kubwa zaidi.' Muuzaji hufurahi, kwani jiko kubwa ndilo lenye bei kubwa.

Jiko hupasha joto chumba lilimo, pamoja na kile kinachofunguka moja kwa moja kutoka hapo. Halipashi joto nyumba nzima yenye kuta, korido na milango iliyofungwa. Kwa hivyo pima chumba: urefu mara upana mara kimo, kwa mita.

Nchini Uingereza, mafundi huigawanya idadi hiyo ya mita za ujazo kwa 14 ili kukadiria kilowati zinazohitajika katika nyumba ya kawaida. Kanuni hiyo ni ya nchi ambako nje huweza kufikia nyuzi sufuri na ndani hutakiwa nyuzi 21. Sisi, hata Kinangop, kwa kawaida tunaanzia nyuzi 8 au 10 nje, na wengi huridhika na nyuzi 19 au 20 ndani. Pengo tunalolijaza ni kama nusu ya lile la Waingereza.

Chukua sebule ya mita 8 kwa 6 yenye dari ya kimo cha mita 2.7. Ujazo wake ni takriban mita 130. Kwa kanuni ya Uingereza ingehitaji kilowati 9. Kwa Limuru, kilowati 5 zinakaribia kutosha. Ikiwa madirisha hayafungi sawasawa na dari ni ubao mwembamba chini ya mabati, ongeza hadi 6 au 7.

Lakini sebule hiyo hiyo ikiwa na dari iliyopaa hadi orofa ya pili, tuseme mita 5.5, ujazo huwa mita 264 na hitaji hukaribia kilowati 9 au 10. Hata hivyo, kuongeza jiko hakumalizi shida, maana hewa moto hupanda juu na kukaa mahali ambapo hakuna mtu. Feni ya darini inayozunguka polepole ili kuisukuma chini husaidia zaidi kuliko kilowati tatu za ziada. Pazia zito kwenye ngazi, na utepe wa kuziba nyufa za madirisha, ni ununuzi wa bei nafuu ambao yafaa ufanywe kabla ya kwenda dukani kutafuta jiko.

Je, kuna ubaya gani kuwa na jiko kubwa kupita kiasi? Sebule hujaa joto ndani ya nusu saa, wenye nyumba hutokwa na jasho, kisha mmoja wao huinuka na kufunga kilango cha hewa ili kuupunguza moto. Kuni zinazonyimwa hewa haziwaki, bali hufuka. Moshi wake ni mzito, hupoa ukiwa ndani ya dohani na kuganda kama lami nyeusi kwenye kuta zake.

Lami hiyo hushika moto. Ikiwaka, joto ndani ya dohani huweza kuzidi nyuzi 1,000, na dohani yenye ufa huupeleka moto moja kwa moja kwenye mbao za paa. Kwa hiyo jiko dogo linalowaka kwa nguvu zote ni salama na safi kuliko kubwa linalofuka usiku kucha. Ukiyumba kati ya saizi mbili, twaa ndogo.

Mwenye nyumba kubwa kweli, hasa yenye mabawa mawili au orofa mbili, afikirie majiko mawili madogo badala ya moja kubwa: la sebuleni kwa jioni, na jingine karibu na vyumba vya kulala vya wazazi. Gharama ya dohani ya pili si ndogo. Hata hivyo, ndiyo njia ya pekee ya kuni inayofikisha joto katika upande wa pili wa nyumba, isipokuwa ile ya jiko lenye tangi la maji.

Jiko la namna hiyo huchemsha maji yanayozungushwa kwa mabomba hadi kwenye vyumba vingine. Wakenya wa nyanda za juu tayari wanaifahamu 'kuni busta', ile ya kuchemshia maji ya kuoga nje ya nyumba. Mfumo wa kupasha vyumba joto ni jambo zito zaidi, kwani unahitaji pampu, valvu za kupunguza shinikizo na mhandisi anayeelewa. Stima ikipotea na pampu ikasimama huku moto ukiwaka, maji huweza kuchemka na kupasua mabomba. Asiye na fundi wa kuaminika aliye karibu auache mfumo huu.

LA KUSIMAMA AU LA KUPACHIKA?

Ikiwa nyumba ina meko ya zamani na dohani nzima, jiko la kupachika ni chaguo la kawaida. Halichukui nafasi ya sakafu, na ukuta wa mawe uliopo hubaki ulivyo. Kasoro yake ni kwamba nusu ya mwili wake imezikwa ukutani, na ukuta huo ukiwa wa nje ya nyumba, sehemu ya joto huenda kuwapasha kuku. Majiko mengi ya kupachika huja na feni ndogo ya umeme ya kusukuma hewa moto chumbani. Uliza jiko litafanyaje kazi stima inapopotea, maana hupotea, hasa wakati wa mvua.

Kabla ya kununua, pima meko kwa makini: upana wa mbele, upana wa nyuma (ambao aghalabu ni mdogo zaidi), kimo na kina. Meko mengi ya walowezi yalijengwa kwa jicho la fundi, si kwa rula, na pembe zake hazilingani. Chukua vipimo mahali penye ufinyu zaidi.

Jiko la kusimama hutoa joto kwa pande zote na bomba lake likionekana chumbani nalo huongeza joto. Kwa nyumba mpya isiyo na dohani, hili ndilo la kuchagua, kwani bomba la chuma lenye kuta mbili na kizuia joto katikati hugharimu kidogo kuliko kujenga mnara wa mawe. Kasoro yake ni nafasi. Bomba la ukuta mmoja linahitaji umbali wa mara tatu ya kipenyo chake kutoka kwa ubao au pazia. Bomba la milimita 150, ambalo ndilo la kawaida, likae sentimita 45 kutoka kwa kitu chochote kinachoweza kuungua. Watoto wachanga wakiwepo, wekeni uzio wa chuma kulizunguka jiko.

Mahali bomba linapopenya dari na paa ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Hapo bomba la ukuta mmoja halifai kabisa. Ni lazima liwe la kuta mbili, na liache nafasi kati yake na mbao kwa kipimo cha mtengenezaji. Mwenye paa la nyasi au makuti atafute ushauri wa mtaalamu kabla ya hata kuuliza bei.

Kuhusu madini yenyewe, chuma cha kusubu huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, nacho huweza kupasuka kikimwagiwa maji au kikigongwa. Jiko la bamba la chuma lililochomelewa hupata joto upesi, jambo linalowafaa watu wanaorejea nyumbani jioni na kutaka joto mara moja. Aina ya tatu huvikwa mawe. Wafini hutumia jiwe la sabuni, la jamii ile ile ya mawe yanayochongwa sanaa kule Tabaka, Kisii, kwa sababu huhifadhi joto kwa saa nyingi baada ya moto kuzima. Uzito wake ni mkubwa mno, na sakafu ya orofa haiwezi kuubeba bila mhandisi kuikagua. Wala si kila jiwe la kinyago linafaa kuzunguka moto. Lililo na nyufa au unyevu hupasuka.

LEBO NA MAJARIBIO

Jiko zuri huingiza hewa mara mbili. Hewa ya kwanza huwasha kuni. Hewa ya pili, iliyokwisha kupata joto, hutoka kwenye vitundu vya sehemu ya juu na kuuteketeza moshi kabla haujafika kwenye bomba. Ukiona ndimi za moto zikielea juu ya kuni kana kwamba zinatoka hewani, ujue hewa ya pili inafanya kazi.

Majiko mapya yaliyotengenezewa soko la Muungano wa Ulaya tangu Januari 1, 2022 hutakiwa kutimiza masharti ya ufanisi usiopungua asilimia 65 kwa yale yaliyofungwa, na chembechembe za moshi zisizozidi miligramu 40 kwa kila mita ya ujazo ya hewa inayotoka. Marekani, tangu mwaka 2020, huruhusu gramu 2 za chembechembe kwa saa, au 2.5 jiko likipimwa kwa magogo ya kawaida. Muuzaji akishindwa kuonyesha karatasi yenye mojawapo ya vipimo hivi, jiko hilo huenda ni la zamani lililokataliwa kwingineko.

Masharti haya si ushamba wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wengi wa waathiriwa wakiwa katika nchi zinazopikia kuni, makaa na mafuta ya taa. Dohani fupi inayotema moshi kwenye dirisha la jirani ni sehemu ya tatizo hilo hilo.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na miji mingine nao wanaweza kuunda jiko la sebuleni, na kazi ya baadhi yao haina aibu. Mnunuzi akague mambo machache. Bamba la chuma liwe nene, milimita 5 au 6, kwani jembamba hupinda moto ukikolea. Ndani pawe na matofali ya kuhimili moto. Mlango uwe na kamba ya kuziba inayostahimili joto, na kioo kiwe maalumu kwa jiko, si kile cha dirishani. Weka kipande cha gazeti mlangoni, ufunge, kisha ukivute. Kikiteleza bila kukwama, mlango unavuja, na jiko hilo hutaweza kuuongoza moto wake.

Kwa jiko la kutoka ng'ambo, swali la maana kuliko rangi na nakshi ni vipuri. Kioo na kamba ya mlango huchakaa. Muulize muuzaji kama anavyo ghalani, na akuonyeshe.

DOHANI NDIYO INJINI

Jiko halivuti moshi. Dohani ndiyo huuvuta. Hewa moto ndani yake ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, hivyo hupanda, na kupanda kwake huivuta hewa mpya ndani ya jiko. Kadiri dohani ilivyo ndefu na yenye joto, ndivyo mvuto unavyozidi.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya maelezo kutoka ng'ambo mara nyingi hulipita haraka. Katika mwinuko wa mita 2,400, kama ule wa Nyahururu na maeneo jirani, shinikizo la hewa ni takriban robo tatu tu ya lile la pwani. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, mvuto wa dohani nao hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Waingereza hushauri dohani isipungue mita 4.5 kutoka juu ya jiko. Kwa nyanda zetu za juu, huenda ukahitaji mita 6 ili kupata mvuto ule ule. Jiko linalorudisha moshi sebuleni kila mlango wake unapofunguliwa mara nyingi halina kasoro. Dohani yake ndiyo fupi.

Ncha ya dohani ipite paa kwa sentimita 90 angalau, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho umbali wa mita 3, ili upepo usiusukume moshi chini.

Dohani pana ya meko ya zamani nayo ina shida yake. Ilijengwa kwa moto wa wazi wenye hewa nyingi. Ukiunganisha jiko dogo, moshi huingia kwenye uwazi huo mkubwa, hupoa na kuacha lami. Dawa ni kuteremsha ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye kipenyo kinacholingana na mdomo wa jiko, kutoka juu hadi chini. Wapo mafundi watakaosema si lazima na kwamba wataliacha jiko litoe moshi ndani ya dohani kwa chini tu. Wakatalie.

Kabla ya hayo yote, dohani iliyokaa miaka bila kutumika isafishwe na ikaguliwe. Ndani yake mtakuta viota vya ndege, na mara nyingine mzinga wa nyuki, ambao si wa kufukuzwa na mtoto wa shule kwa ufagio. Washa moshi kidogo chini na uzibe juu: palipo na ufa, moshi utaonekana ukutokea darini au chumba cha juu.

Nyumba mpya iliyozibwa vizuri inahitaji pia tundu la kuingizia hewa. Uingereza huagiza tundu la kudumu kwa jiko linalozidi kilowati 5, na kwa zilizozibwa sana hata kwa dogo. Usiliwekee tundu hilo gazeti kwa sababu ya baridi. Weka pia king'ora cha kaboni monoksidi katika chumba chenye jiko, na kingine katika korido ya vyumba vya kulala. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na jiko lenyewe.

KUNI NA KALENDA YAKE

Jiko bora kabisa halifai kitu kwa kuni mbichi. Mti uliokatwa leo huweza kuwa nusu maji kwa uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kabla ya kukupa joto. Kuni za jiko zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Kuna kifaa kidogo cha kupimia. Pasua kipande na upime upande wa ndani, si ganda.

Kalenda yetu inamtega asiyejiandaa. Mvua ya masika hunyesha Machi hadi Mei, na baridi huingia Juni. Anayenunua kuni Juni hununua maji. Kuni za Juni zipasuliwe mwaka uliotangulia, au zisipite Desemba, zipangwe juu ya mbao ili zisiguse udongo, zifunikwe juu tu na kuachwa wazi pembeni upepo upite. Jua la Januari na Februari litafanya kazi iliyobaki.

Mkaratusi ni mzito na hutoa joto jingi, lakini upasuliwe ungali mbichi, kwani ukikauka hushinda shoka. Katika maeneo ya majani chai, viwanda huununua kwa wingi kukaushia chai, kwa hivyo bei yake haishuki sana. Mwati, mti uliotoka Australia na kupandwa kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi, ni kuni nzuri kupindukia. Mgrevilea, ambao wakulima wengi huupunguza matawi kila mwaka, huwaka haraka na unafaa kuanzishia moto. Msaipresi na msonobari zina utomvu. Zikikauka vyema hazina neno, lakini zikiwa mbichi huacha lami haraka.

Mbao zilizopakwa rangi, vipande vya plaiwudi na hasa vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kijani visiingie jikoni kamwe. Dawa hiyo ina shaba, kromi na aseniki, na sumu yake hubaki katika moshi na katika jivu unaloweza kulimwaga shambani.

Kuni zenyewe zitoke mahali halali. Mnamo Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo mnamo Julai 2023, na suala likafikishwa mahakamani. Kwa mwenye jumba shambani, njia isiyo na maswali ni kupanda yake mwenyewe. Nusu ekari ya mikaratusi au miwati iliyo mbali na chemchemi huweza kuhudumia jiko moja kwa miaka, mradi inapokatwa ipandwe tena.

KABLA YA MOTO WA KWANZA

Rangi ya jiko jipya hukomaa kwa joto, na inapokomaa hutoa harufu kali. Washa moto mdogo mara mbili au tatu, madirisha yakiwa wazi na wagonjwa wa pumu wakiwa mbali, kabla ya kuwasha moto kamili. Chuma na matofali ya ndani nayo huhitaji kuzoea joto polepole.

Usikifunge kilango cha hewa kabisa wakati makaa bado ni mekundu, hata kama unataka yadumu hadi asubuhi. Hapo ndipo gesi ile isiyo na harufu hupata mwanya wa kurudi chumbani. Jivu litolewe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko na liwekwe nje, mbali na ukuta wa mbao, kwa siku mbili au tatu. Kaa moja lililojificha ndani ya jivu huweza kuishi siku nzima.

Dohani isafishwe kwa brashi angalau mara moja kwa mwaka, na Mei ndio mwezi mwafaka, kabla ya baridi. Unapomwita fundi, muulize atumie brashi ya ukubwa gani na atashughulikia vipi kona za bomba. Anayejibu kwamba atawasha gazeti ndani ili masizi yaungue yenyewe, mlipie nauli yake na umtafute mwingine.